Filimbi Zilipopanda

Mwalimu Telesfori tulimzika Jumanne, na mimi sikulia. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta chozi katika kurasa hizi akalikosa. Nilitoka Ubelgiji kwa ndege, nikasimama kando ya kaburi la mtu aliyenifundisha kupiga kinanda, nikatupa fungu langu la udongo kama wengine, nikapangusa mkono. Msemaji mmoja akasema marehemu alikuwa mkali lakini mwenye haki. Loo! Ukali alikuwa nao wa kugawia mtaa mzima na ukabaki. Hiyo haki sijui aliiweka wapi. Nilikuwa bado nanung'unika moyoni nilipoinua macho, na ng'ambo ya kaburi nikamwona mwanamke mrefu, kichwa kimeingia mvi, ameshika mikono yake nyuma kama mlinzi wa getini. Nilimjua kabla sijamwona uso vizuri. Ni Consolata, ambaye mara ya mwisho nilimwona mwaka 1993, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa na yeye ishirini kasoro miezi. Akazunguka kaburi, akanikumbatia shavu hili na shavu lile kwa desturi ya kwetu, akasema kwa sauti yake ile ile ya chini, "Juliette. Umenenepa. Kesho uje kwangu Gatsata unywe chai." Nikaitikia. Nilikuwa na jambo la kumwambia, jambo nililolibeba miaka thelathini na zaidi nikijipa sababu za kutolisema, na sasa sababu zilikuwa zimekwisha.

Hilo Juliette ni jina la shuleni. Nyumbani, Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, naitwa Zuhura, na kila asubuhi nilikuwa namwacha Zuhura kwenye kona ya msikiti, napanda kilima nikiwa Juliette, kwa sababu masista walisema orodha yao ya darasa haina nafasi ya majina kama langu. Ya baba na mama nayaacha, yana mahali pake. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu wa shule, tangu Septemba 1992 hadi Juni iliyofuata, mwaka ambao mji mzima ulikuwa unaongea kwa kunong'ona. Vita vilikuwa kaskazini. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi mtu alitoa kitambulisho chake kilichoandikwa kabila, Mhutu au Mtutsi, askari akakisoma taratibu, akakutazama pua, akakisoma tena. Kule kilimani, ndani ya kanisa la matofali mekundu lenye paa la mabati, sisi wasichana wawili tulikuwa tunajifunza muziki ambao hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kuusikia. Ukiniuliza kama nilikuwa na furaha nitakwambia ndiyo, na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Mwalimu Telesfori alikuwa ametunga koncheto. Koncheto, kwa alivyotueleza, ni muziki ambamo chombo kimoja kinasimama peke yake kujibizana na kundi zima la wapiga vyombo. Kundi hatukuwa nalo, kwa hiyo alifanya ujasiri: kundi zima aliliweka ndani ya kinanda cha filimbi cha kanisani, na cha kujibizana nacho akaiweka piano. Kinanda kilikuwa zawadi ya parokia moja ya Ulaya, si kikubwa, filimbi yake ndefu kuliko zote ilinizidi kimo kidogo tu, nacho kilisimama kando ya altare. Piano ilikuwa chini ya ngazi za altare. Mimi nilipiga kinanda nikiwa nimempa Consolata mgongo, nikimtazama kwa kioo kidogo cha kunyolea ndevu tulichokipigilia juu ya karatasi za muziki. Katika kioo hicho sikumwona uso. Niliona mikono yake tu, na kwa mwaka mzima niliitazama mikono ile kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote duniani. Ilikuwa mikono mirefu, mitulivu, na nilikuwa naionea wivu.

Mwalimu alikuwa na desturi mbili, na zote mbili ni za mtu asiyependa watu. Ya kwanza ni maharage. Alituwekea maharage makavu juu ya migongo ya mikono tulipokuwa tunapiga, matatu kila mkono, na mtu aliyeangusha hata moja hakula mchana. Consolata hakuangusha kamwe. Mimi niliangusha, na siku hizo nilikaa kwenye meza ya kulia nikimtazama mwenzangu akila viazi vitamu na maharage, akinisogezea kipande chini ya meza, na mimi nakila huku namchukia. Desturi ya pili ilikuwa makosa matatu. Kila mazoezi yakiisha, Mwalimu alikaa kwenye benchi la mbele, akakunja mguu, akasema, "Juliette, makosa matatu ya Consolata." Nikayataja. "Consolata, makosa matatu ya Juliette." Naye akayataja, kwa upole, akiyapunguza makali. Kama mtu hakupata matatu, Mwalimu alisema hujasikiliza, toka nje. Kwa hiyo tulijifunza kutafuta. Mimi nilijifunza vizuri sana. Ikafika mahali nasikia makosa ya Consolata kabla hajayafanya, na asipoyafanya nayatunga.

Mwezi wa kumi tulijua tunagombea nini. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko la masista tunamenya viazi, dirisha liko wazi, na ndani Mwalimu alikuwa anaongea na mkuu wa shule. Ile parokia ya Ulaya ilikuwa imeandika kwamba itamsomesha mwanafunzi mmoja, miaka minne, chakula na malazi. "Mmoja tu, Mwalimu?" sista akauliza. "Mmoja," akajibu. "Watakuja wenyewe mwezi wa sita kusikiliza. Atakayebaki atafundisha watoto do-re-mi." Consolata akasimamisha kisu, kisha akaendelea kumenya. Mimi nilijikata kidole. Usidhani ilikuwa tamaa ya Ulaya tu. Mwaka ule kila mtu aliyekuwa na macho alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na wengi hawakuwa na hata dirisha. Sisi tulisikia upo mlango mmoja, na unapitisha mtu mmoja, na aliyekaa kando yangu akimenya viazi alikuwa anapiga vizuri kuliko mimi. Hilo nililijua. Mtu hawezi kujidanganya mbele ya kioo kile.

Na bado tulipendana, ndiyo, naandika hivyo. Jumapili baada ya misa alikuwa anaomba ruhusa, anashuka nami mpaka Biryogo kwa miguu, tunapita wauza sambusa na mafundi cherehani, mpaka kwa Mzee Sefu. Mzee Sefu alikuwa fundi nguo, jirani yetu, mtu wa kofia na kanzu iliyotiwa viraka kwa ustadi mpaka viraka vikawa mapambo. Lakini alikuwa na kazi nyingine ambayo mjini hakuna aliyeijua: ujanani alifanya kazi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anatengeneza piano na vinanda, akamfunza, na yule alipoondoka akamwachia ufunguo wa kukazia nyuzi, nyundo ndogo na uma wa kupimia sauti. Ndiye aliyekuwa anatia sauti piano yetu na kukisafisha kinanda. Jumapili meza yake ya kukatia nguo ilikuwa tupu, naye alituchorea juu yake funguo za piano kwa chaki ya fundi, nyeupe na nyeusi, zote, kwa vipimo. Consolata alipiga koncheto nzima juu ya ubao ule bila sauti, na Mzee Sefu alikaa anakunywa chai ya tangawizi, anatikisa kichwa, kisha anasema, "Hapo umeharakisha, binti." Alikuwa hasikii kitu, anaona vidole tu. Mimi nilimtafsiria Consolata, maana Kiswahili hakukijua, naye akacheka mpaka chaki ikamwingia puani. Shangazi yangu alituletea chapati na mishikaki, tukala kwa mikono yenye chaki.

Hapa lazima niseme habari ya Kiswahili, kwa sababu yote yaliyofuata yalipitia hapo. Kigali ya wakati ule, kwa watu kama Mwalimu, Kiswahili kilikuwa lugha ya walanguzi, makuli na wezi wa stendi. Mswahili maana yake mtu wa kumfungia mlango. Mwalimu aliongea Kinyarwanda, Kifaransa na Kilatini chake cha kanisani, na Mzee Sefu alipotamka neno la Kiswahili, Mwalimu alikunja uso kama aliyekanyaga kinyesi. Mzee naye alikuwa mtu wa Kigoma, Kinyarwanda chake kilitosha sokoni tu, kwenye mambo ya nyuzi na filimbi kilimwishia. Kwa hiyo nilisimama mimi katikati. Mwalimu anasema, nageuza. Mzee anasema, nageuza. Hakuna aliyeweza kujua nimegeuza nini. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo mpaka asubuhi ya tamasha.

Baada ya Krismasi Consolata alibadilika. Alianza kupiga kama mtu asiye na haraka, kama mtu anayepika chakula cha wageni anaowapenda. Sehemu ya pili ya koncheto ilikuwa ngumu kwa sababu ilikuwa nyepesi: kinanda kinashika noti moja, sauti moja tu, kinaishikilia, kisha piano inaingia juu ya noti ile ile, peke yake, polepole, na kutoka hapo inaanza kuimba. Hakuna pa kujificha. Mwalimu mwenyewe, siku ya kwanza Consolata alipoipiga hivyo, alisahau kuuliza makosa matatu. Akainuka, akatoka nje, tukamsikia anapenga kamasi. Nilikaa kwenye benchi la kinanda nikajua nimeshindwa. Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Niliomba Mungu amwangushe, tena niliomba pande zote mbili, asubuhi kanisani na jioni kwenye mkeka. Astaghafirullah! Lakini ndivyo nilivyokuwa.

Tamasha lilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, saa tisa alasiri. Siku zote tulikuwa tunafanya mazoezi asubuhi, kabla ya masomo, kanisa likiwa baridi mpaka tunavaa sweta. Asubuhi ile Mzee Sefu alifika mapema akatia sauti piano, uzi kwa uzi, akiilinganisha na kinanda, maana kinanda hakibadiliki kirahisi, piano ndiyo inayokifuata. Consolata akakaa akajaribu. Vyombo viwili vilikutana kama maji na maji. Akatabasamu, akaenda kubadilisha nguo. Mzee akaviringisha vifaa vyake katika kitambaa, akanisogelea. Mwalimu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, anapanga viti vya wageni.

"Zuhura mwanangu," Mzee akasema, "mwambie mwalimu wako hivi. Vimelingana, lakini vimelingana kwa baridi hii. Filimbi zikipata joto zinapanda sauti. Nyuzi za piano hazina habari. Mabati haya yakishika jua, na watu wakijaa humu wanapumua, vitaachana, tena vitaachana vibaya. Aniruhusu nirudi saa saba, milango imefungwa, niipandishe piano kidogo ikutane na kinanda mbele ya safari. Mimi nitakuwa nyumbani. Mwambie atume mtu tu."

Nilielewa kila neno. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile mwaka mzima, sikio langu halikuwa bovu, nilishawahi kusikia filimbi zikihama siku ya arusi moja ya mchana. Mwalimu hakuwahi kulijali hilo. Yeye alisomea katika makanisa ya mawe, ambako ndani ni baridi mwaka mzima, na mambo ya mabati hakufundishwa. Akageuka. "Anasema nini huyo?"

"Anasema amemaliza," nikajibu.

Ndiyo hivyo. Hakuna shetani aliyenishika ulimi, hakuna kizunguzungu. Nilihesabu haraka kama mtu anayevuka barabara: kinanda hakina wa kukisahihisha, kinanda ni kikubwa, kinanda ni mimi. Kikiachana na piano, watu wataona piano ndiyo imepotea. Mwalimu akapunga mkono kwamba mzee aende. Mzee Sefu akanitazama, anasubiri jibu. Nikamwambia, "Amesema akikuhitaji atakuita." Akaitikia, akashuka kilima. Shangazi aliniambia baadaye kwamba siku ile alikaa kibarazani kwake tangu saa sita, amevaa viatu, vifaa viko mapajani.

Watu walijaa mpaka milangoni. Wageni wa Ulaya walikuwa wawili, mume na mke, wamekaa mbele wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kishindo na mwendo, na katika kishindo kile ubaya ulipita kama ukali tu. Watu walidhani ndivyo muziki wenyewe ulivyo. Lakini mimi nilisikia, na kwenye kioo niliona mikono ya Consolata inaanza kubonyeza kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba. Kisha tukaingia sehemu ya pili. Nikashika noti yangu. Nikaishikilia. Akaingia juu yake, noti ile ile, na, Mungu wangu, zilikuwa noti mbili. Zikasuguana, zikatetemeka hewani kama paka anayekanyagwa. Watu walicheka kule nyuma. Consolata akainua kidole, akajaribu tena, polepole zaidi. Mbaya zaidi. Mara ya tatu mikono ikasimama juu ya funguo, haigusi. Kisha ikashuka mapajani ikatulia pale. Ningeweza kusimama. Ningeweza kuinua mikono yangu na mimi, tukawa wawili tulionyamaza. Niliendelea. Nilipiga sehemu ya kinanda peke yangu hadi mwisho, kwa sauti zote, na wageni wakasimama kunipigia makofi.

Sakristia ilikuwa chumba chembamba, kinanuka nta na nguo za misa. Mwalimu alifunga mlango. Uso ulikuwa umemkauka. Nilidhani atapiga mtu. Badala yake alikaa juu ya sanduku la mishumaa, akakunja mguu kama siku zote. "Juliette," akasema, "makosa matatu."

Consolata alikuwa amesimama kwenye kona na gauni lake jeupe, jasho limemchora mgongoni. Hakunitazama. "La kwanza," nikasema, "alipiga kwa nguvu kupita kiasi. La pili, alisimama." "La tatu?" Mwalimu akauliza. Na mimi, ambaye nilikuwa na neno moja la kweli mdomoni na wakati wote wa kulisema, nikasema, "Hasikii. Hana sikio." Consolata akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mgonjwa aliyeambiwa jina la ugonjwa wake. "Ni kweli, Mwalimu," akasema. "Nilisikia kila kitu kimepinda. Asubuhi piano ilikuwa sawa, nimeijaribu mwenyewe. Aliyepinda ni mimi."

Nilidhani limekwisha. Halikwisha. Jumatatu asubuhi na mapema Mwalimu alimwita Mzee Sefu ajibu mashtaka, akatuita na sisi wawili tushuhudie. Kanisa lilikuwa baridi, tumevaa sweta. Mwalimu akaniamuru nishike noti, akamwamuru Consolata abonyeze ile ile. Zikakutana safi kabisa, noti moja. Akajaribu nyingine, na nyingine. Safi. Mwalimu akamgeukia Consolata, akamwambia kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi, "Unaona? Fundi hana kosa." Mzee Sefu aliona kinachotendeka. Akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Zuhura, mwambie ni joto! Nilikwambia Jumamosi. Asimuonee binti wa watu. Mwambie tukutane hapa saa tisa, atasikia mwenyewe kwa masikio yake." Mwalimu akauliza, "Anasema nini?" Nilipewa mara ya pili, kwa hisani, kile nilichokitupa mara ya kwanza. Nikasema, "Anasema merci."

Mzee Kifaransa hakukijua. Lakini merci, yaani asante, Kigali nani asiyeijua? Alisimama akinitazama muda mrefu, ufunguo wake mkononi. Angeweza kupiga kelele kwa Kinyarwanda chake cha sokoni, angeweza kunivua nguo mbele yao. Sijui kwa nini hakufanya. Labda aliona kuwa mimi ni mtoto wa Biryogo, na kwamba kule juu mtoto wa Biryogo akiangushwa haokotwi. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mungu akufikishe salama unakokwenda, mwanangu." Akaondoka. Mwezi wa tisa nikaondoka na mimi. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata nilikuwa kwenye chumba chenye joto, Ulaya, natazama mauaji ya mji wetu kwenye televisheni ya wenye nyumba, sauti wameipunguza kwa kunihurumia. Mzee Sefu alifariki kwa maradhi miaka michache baadaye, kabla sijarudi kumwomba radhi. Consolata alipona. Alipopita hadi akapona sitapaandika, ni pake yeye.

Nyumba yake Gatsata iko juu ya barabara, mtu ukikaa sebuleni unasikia mafundi wa magari wanagonga mabati chini. Sofa zilikuwa na vitambaa vya kushona kwa mkono. Hapakuwa na redio. Anafundisha hesabu shule ya msingi, mume alishafariki, anaishi na bintiye Claudine, mwenye miaka ishirini na saba, anayefanya kazi katika duka la dawa. Tuliongea Kiswahili, maana amejifunza kwa majirani zake waliorudi kutoka Tanzania, na alikuwa anajivunia kunionyesha. Claudine alileta chupa ya chai na viazi vya kukaanga, akarudi jikoni. Nikaona nikichelewa nitakimbia, kwa hiyo nikamwambia yote, tangu filimbi za baridi mpaka merci. Sikujitetea. Au nilijitetea kidogo: nilisema nilikuwa mdogo, nilisema ilikuwa nafasi moja tu na sisi wawili.

Alisikiliza kikombe kikiwa mkononi. Nilipomaliza akakiweka chini.

"Hatukuwa wawili," akasema. "Jina yako ilishaenda. Tangu Krismasi."

"Jina langu?"

"Mwalimu aliniita. Akasema, wewe na hii kitambulisho yako ya Mtutsi, pasipoti nani atakupa? Nimeandika Juliette. Lakini ile sehemu ya piano, nimetunga nikiwaza mikono yako. Utapiga siku moja, watu wasikie. Akasema nisikuambie, utaanza uvivu." Akafuta tone la chai mezani kwa kidole. "Wewe ndiye ulikuwa unashindana, Juliette. Mimi nilikuwa napiga tu. Nilikuwa nataka ile siku moja."

Hakuningoja nijibu. Alikuwa anatazama ukuta. "Kwa hiyo nilisikia sawa," akasema.

"Ulisikia sawa."

"Ile imepinda, nilisikia kweli imepinda."

"Ulisikia kuliko sisi wote mle ndani."

Akainuka. Nilidhani atanipiga, na wallahi ningemshukuru. Akaita, "Claudine! Njoo." Binti akaja anajifuta mikono. "Huyu mama tulisoma naye. Ana neno. Mwambie, Juliette, vile umeniambia mimi."

Nikamwambia. Mara ya pili ilikuwa fupi zaidi na mbaya zaidi. Claudine alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, halafu akamgeukia mama yake, kana kwamba mimi sipo.

"Nilikuwa na miaka nane," akasema. "Mwalimu wa kwaya alikuja hapa mara mbili kukuomba. Alikuomba, mama. Ukamwambia sisi kwetu hakuna sikio, nisiende kuwaharibia watoto wa wenzako. Mbele yangu ulimwambia."

"Yego, ndiyo," Consolata akasema. "Nilisema."

"Mpaka leo kanisani nachezesha mdomo tu. Sitoi sauti."

Consolata akanyoosha mkono amshike. Binti akauondoa wake, akaingia jikoni, akafunga mlango, tukasikia komeo.

"Nenda, Juliette," Consolata akaniambia, macho hayajatoka kwenye mlango ule. "Hiyo chai nitamwaga mwenyewe."